Mkeka wa Mwalimu wa UPE

Nilipopangiwa kufundisha Ngarambe, Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijafunguliwa. Tuliokwenda kusini mwa Mto Rufiji tulivuka Ndundu kwa pantoni, na mto ukifura wakati wa masika mtu aliweza kulala ng'ambo akingoja zamu. Nilikuwa binti mwenye Cheti cha Daraja A, sanduku la bati na barua ya ajira. Kijiji kilikuwa jirani na Pori la Akiba la Selous, kwa hiyo mazungumzo ya kwanza niliyoyakuta barazani yalikuwa ya tembo walioingia mashambani.

Madarasa mawili ya chini yalikuwa mikononi mwa mama mmoja mzaliwa wa hapo, Mmatumbi, aliyeanza kazi kabla mimi sijaanza shule. Shuleni nilimwita Mwalimu, nyumbani Dada. Yeye aliniita mdogo wangu. Jina lake nalihifadhi, maana hakupenda kutajwatajwa.

Alikuwa mwalimu wa UPE. Vijana wa leo huenda hawajui maana yake. Novemba 1974, kikao cha chama tawala mjini Musoma kiliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule awe darasani, badala ya kungoja 1989 kama ilivyopangwa awali. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Ndipo wakachukuliwa maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya redio, kwa vitabu vya posta na kwa maelekezo ya waratibu, huku tayari wakishika chaki. Baadaye jina hilo likageuzwa tusi. Mtu akikosea hesabu sokoni anaambiwa amesoma UPE. Limekuwa likiniuma sikuzote, kwa sababu mimi mwenyewe nilifundishwa kusoma na mwalimu wa UPE, na sijawahi kuona mtu aliyefundisha herufi kwa subira kama Dada. Watoto wake walimaliza darasa la kwanza wakisoma.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilitaka mwalimu wa shule ya msingi awe na elimu ya kidato cha nne na Cheti cha Daraja A. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza 2002, ada ikiwa imefutwa na watoto wakifurika madarasani, walimu wa Daraja B na C nao walihimizwa wajiendeleze. Kwa Dada hilo lilimaanisha Mtihani wa Maarifa kwanza, kisha mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, mume, watoto na shamba. Jioni moja alinijia akiwa na daftari jipya. "Mdogo wangu," akasema, "mimi aibu nimeiacha nyumbani. Nifundishe."

Tulianza na hesabu, na hesabu hazikumsumbua sana. Mwanamke anayegawa mbegu, mavuno ya ufuta na madeni ya duka anaijua milinganyo hata kama hajaionja kwa herufi. Ukuta ulikuwa Kiingereza. Mtihani wote, ukiacha Kiswahili, uliulizwa kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye aliikuta darasani kama somo tu na hakuisikia tena.

Msimu wa kulinda mpunga ulipofika, masomo yalihamia shambani. Huko Rufiji watu hujenga dungu, kibanda juu ya nguzo, na kukesha humo wakiwafukuza nguruwe pori na tembo kwa kupiga madebe. Shemeji yangu, mume wake, alinipa nafasi pamoja na watoto, tukapandisha taa ya chemli. Kurudi kijijini gizani hakukufikirika. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 wilayani Rufiji, na hata dungu halikuwa kinga kamili. Tulikaa karibu karibu na kusoma kwa sauti. Mikono yake haikutulia hata dakika moja: alikuwa akisuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu unaoshonwa baadaye kuwa mkeka. Nilidhani ni wa kuuza.

Usiku ninaoukumbuka kuliko yote ni ule wa swali la Vita vya Maji Maji. Nilifungua kitabu nimweleze. Akanizuia kwa upole. Ngarambe ndipo alipoishi Kinjikitile Ngwale, na mwaka 1904, kwa masimulizi ya huko, pepo Hongo alimwingia. Alinisimulia namna bibi zake walivyosimulia: misafara ya watu waliokuja kuchukua maji ya dawa, wakiwa na mtama mikononi, Wamatumbi wa Nandete waliong'oa pamba Julai 1905, Kinjikitile kunyongwa na Wajerumani Mohoro, tarehe 4 Agosti, kabla vita havijaenea. Tangu shule nilijua tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Sikujua njia ambayo misafara ile ilipita, na yeye aliinyoosha kwa kidole kutoka juu ya dungu. Kisha tukaigeuza habari yote kwa Kiingereza, sentensi baada ya sentensi. Alikuwa na mengi kuliko mtahini angeweza kuuliza, na ilimbidi ayapunguze yatoshe kwenye maneno machache aliyoyamudu. Nililia siku ile, na sioni haya kusema.

Alifaulu Maarifa. Miaka ilipita, akafaulu na kidato cha nne, kwa alama zilizomtosha kwenda mafunzo ya Daraja A. Matokeo yalipofika alikuja kwangu na wanawake wawili wa jirani, wamebeba mkeka umeviringishwa ndani ya kanga. Ukili wake ni mwembamba, kazi ya mtu asiye na haraka, na mistari myeusi imetiwa rangi kwa mizizi ya mdaa aliyoichimba na kuichemsha mwenyewe. Mshono hauonekani mpaka uutafute kwa vidole. Ukindu wa sehemu ya kwanza ulisukwa pale dunguni, tukisoma.

Nilijaribu kusema ni zawadi kubwa mno. Mama mmoja akanikemea: "Pokea, mwanangu. Mkeka haurudishwi." Pwani yetu mgeni huketishwa juu ya mkeka, bibi harusi huondoka nao, na maiti hubebwa juu yake. Nikapokea kwa mikono miwili.

Nimefundisha katika shule kadhaa tangu hapo na kupewa vyeti vya utumishi bora vyenye mihuri. Vimo ndani ya faili. Mkeka nautandika Idi na siku za wageni, na binti yangu aliyeuomba nimemwambia angoje.

Dada alistaafu akiwa Daraja A, darasa la kwanza likiwa bado lake. Msomaji, kama aliyekufundisha a, e, i, o, u alikuwa mwalimu wa UPE na bado yu hai, nenda ukamwamkie mwaka huu.