Unga wa Mlonge na Hesabu ya Kijiko

Ni nyumba chache miongoni mwetu hapa Leicester ambazo hazijaingiwa na unga wa mlonge. Wengine huletewa na jamaa watokao safari. Wengine tunaununua kwa bei inayotufanya tuufungie kabatini. Mti ni ule ule ambao baadhi yetu tunauita mzunze au mronge, na asili yake ni kaskazini ya Bara Hindi, chini ya milima ya Himalaya. Ndiyo sababu kule Belgrave Road wenye maduka huuza maganda yake marefu ya kutia mchuzini, pamoja na bamia na biringani, wala hawayaiti dawa.

Sifa zinazotembea na unga huo ni kubwa: kwamba una vitamini C mara saba ya chungwa, na kalsiamu mara nne ya maziwa. Tumeona si vibaya kuzitazama sifa hizo kwa tarakimu. Kwa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za majani mabichi zina protini gramu 9 na ziada, kalsiamu miligramu 185, chuma miligramu 4, na vitamini C miligramu 51 hivi. Chungwa, kwa uzito huo huo, lina 53. Majedwali mengine hutoa tarakimu za juu zaidi, kwani majani hutofautiana kwa udongo na umri. Hata hivyo, protini hiyo ni ya kustaajabisha. Mchicha haufiki gramu 3.

Majani yakikaushwa maji hutoka, na protini hukaribia robo ya uzito wa unga. Vitamini C, kinyume chake, hupotea kwa wingi, hasa yakianikwa juani badala ya kivulini. Tena nani kati yetu hula gramu 100 za unga? Kijiko kikubwa kimoja ni gramu 8 hivi, yaani protini gramu 2. Yai moja lina 6.

Hapa ndipo penye hofu yetu. Tunao wazee waliokwisha acha mayai na maziwa, wakashinda kwa uji na kijiko cha unga, nao wanazidi kudhoofu huku wakiamini wameshiba. Wako pia wanaopunguza vidonge vya kisukari bila kumwambia daktari. Majani haya huweza kushusha sukari kidogo. Hayashiki mahali pa vidonge, na yakichanganywa navyo sukari huweza kushuka kupita kiasi. Daktari wa hapa halijui jina la mlonge, basi tumwandikie Moringa kwenye karatasi. Wajawazito nao waepuke kabisa mizizi na magamba ya mti huo.

Kwa upande wa chakula, sisi tunapendelea bakuli la mboga kuliko kijiko. Majani yaliyogandishwa hupatikana katika maduka ya Wafilipino, ambao huyaita malunggay. Yapikwe kwa tui la nazi, kwani mafuta husaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo, na kipande cha samaki kikiwapo ni bora zaidi. Vijiti vyote vitolewe kwanza, maana huwakwama wazee kooni, na majani yatiwe mwisho. Yakinywea tu, chungu kiepuliwe.