Mama, na Wewe Ujivike

Kusini mwa Korea kipo kisiwa kiitwacho Jeju, kisiwa cha mawe meusi ya volkano na upepo mwingi. Nilipofika ufukweni asubuhi moja ya baridi, nikiwa na sweta mbili mwilini, nilisikia mluzi mwembamba kutoka baharini. Nikadhani ni ndege. Kumbe ni mama wa umri wa mama yangu mzazi, ameibuka juu ya maji na kuitoa pumzi aliyokuwa ameibana.

Hao ndio haenyeo, yaani wanawake wa bahari. Huzama hadi mita 10 bila mtungi wa hewa, wakitafuta konokono wa bahari na mwani. Kwa kazi hiyo wamelea watoto na kuwasomesha. Mwaka 2016 UNESCO iliutambua utamaduni wao kuwa urithi wa binadamu. Leo wamebaki chini ya 3,000, na wengi wamepita miaka 60.

Katika makumbusho yao niliona vazi la zamani, la pamba nyepesi. Ubavuni lina vikamba vya kufunga, ili mama mjamzito alilegeze tumbo linapokua. Wataalamu waliowapima wazamiaji wa Korea miaka ya 1960 walikuta wanaingia katika maji ya nyuzi 10 hivi wakati wa baridi, wakiwa na pamba tu. Baada ya nusu saa au pungufu walitoka wakitetemeka. Huko Jeju walikimbilia bulteok, ua wa mawe wenye moto katikati. Hapo walibadili nguo, wakaota moto na kunyonyesha watoto walioletwa na ndugu.

Miaka ya 1970 likaenea vazi la mpira. Baridi ikapungua, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini aliyekuwa akitoka baada ya nusu saa sasa akakaa majini saa kadhaa. Wengi huugua kichwa, masikio, na mgongo unaobeba mkanda wa risasi wa kuwazamisha. Baridi iliwatesa, ila ndiyo iliyokuwa ikiwaambia watoke.

Kama wewe au binti yako atapata nafasi ya kuzama katika maji baridi, hata kwa mtungi wa hewa, nawapa ushauri huu kama muuguzi.

Kwanza, vazi la mpira likubane vizuri. Likipwaya kiunoni au mgongoni, maji baridi huingia na kutoka, na joto lako huenda nayo. Chagua lililokatwa kwa umbo la mwanamke. Usisahau kofia, glavu na viatu vya mpira.

Pili, ndani vaa nguo ya kuogelea isiyo na lesi wala vifungo, maana huchubua ngozi. Pete ya ndoa ivue uiache mahali salama. Vidole husinyaa kwa baridi, nayo huteleza.

Tatu, usijinyime maji ya kunywa kwa kuogopa haja ndogo. Mwili uliozama katika baridi hutoa mkojo mwingi, nao waweza kukaukiwa.

Nne, ukitoka, vua vazi lililolowa mahali palipokingwa upepo, jikaushe, vaa sweta na kofia, kisha unywe uji au chai ya moto. Pombe haipashi mwili joto, huzidi kuupotezea.

Tano, mjamzito asizame kwa mtungi wa hewa. Kitoto tumboni chaweza kudhurika.

Wazee wa Jeju huwafundisha vijana wasitamani kupita pumzi yao. Aliyeona konokono mmoja zaidi wakati pumzi imekwisha, huenda asirudi juu. Tena bibi waliochoka hutengewa maji ya kina kifupi karibu na ufuko, wasishindane na wenye nguvu.

Nilikumbuka wodini. Ni akina mama wangapi humleta mtoto siku ya kwanza ya homa, lakini wao wenyewe huja wakiwa hawawezi kusimama! Yule mama wa Mithali 31 hakuihofia baridi kwa ajili ya nyumba yake, kwa kuwa aliwavika watu wake. Tukisoma zaidi tunaona kwamba naye alijifanyia mavazi yake mazuri.

Basi, mama, na wewe ujivike. Ukianza kutetemeka, toka majini. Watoto wanakungoja ufukweni.