Kuleni, Wajukuu Wangu

Wajukuu wangu,

Mambo ya nyumba na shamba la minazi yako kwa mjomba wenu. Yameandikwa na mashahidi wametia saini. Haya ninayowaandikia leo hayagawiki kwa mafungu. Ni maneno ya chakula, na najua mtacheka kwamba bibi hata akiaga anahimiza watu kula. Chekeni, lakini msiache kusoma.

Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, nimeona watu wakikonda kwa sababu za kila namna. Ninyi hamkuiona miaka ya themanini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kwetu walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, watu waliuita ugonjwa ule Juliana. Ng'ambo ya mpaka, kule Rakai, Waganda waliuita Slim kwa jinsi ulivyomkausha mtu. Siku hizo ukipungua kidogo tu majirani walianza kunong'ona, na mwenye mwili wake alitembea kifua mbele. Nimeishi hadi nimeona kukonda kukitoka kwenye msiba na kuingia kwenye sifa. Binti sketi inamvuka kiunoni, watu wanamwambia kapendeza na kumuuliza anatumia nini.

Msiniambie kujinyima chakula na kujitapisha ili mtu akonde ni maradhi ya Wazungu. Kule Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, mwili ulionawiri ulihesabiwa kuwa dalili ya mtu kutunzwa vizuri na watu wake, kama tulivyokuwa sisi huku pwani. Televisheni ilifika sehemu ya Nadroga mwaka 1995. Mtafiti wa Kimarekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa shule majuma machache baadaye, akarudi kuwahoji wengine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupata hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Katikati hapo ilipita miaka mitatu tu ya kutazama tamthilia. Na televisheni ile ilikaa sebuleni, ikazimwa watu wakaenda kulala. Ninyi ya kwenu mnalala nayo chini ya mto, na picha zake zimekwisha kupunguzwa viuno na kulainishwa ngozi kabla hazijawafikia.

Hata hivyo simu inabebeshwa lawama nyingi ili sisi ndugu tupumue. Ugonjwa huu hauna mzazi mmoja. Wapo wanaozaliwa na mwelekeo wake katika damu, wapo waliowahi kudhalilishwa wakaanza kuuchukia mwili wao, wapo wale watoto wasiokubali kupata alama chini ya tisini, na sahani nayo wanaifanya mtihani. Lakini nyumbani ndiko moto unakopulizwa. Nimekaa kwenye shughuli zetu za harusi, siku ya kupimwa sare. Shangazi anamshika mtoto wa miaka kumi na mitatu mkono wa juu, anaufinya mbele ya fundi, anasema, "Huyu mkatie vitambaa viwili, kimoja hakimtoshi." Watu wanacheka, mtoto naye anacheka. Usiku sahani yake ya pilau inarudi jikoni nyama zimefukiwa chini ya wali. Aliyeiona ni aliyeosha vyombo peke yake.

Wavulana nanyi msijifiche nyuma ya dada zenu. Kijana anayekataa chakula cha mama kwa sababu hakikupimwa, anayekimbilia gym hata akiwa na homa, ambaye misuli imemjaa na bado kwenye kioo anaona kijiti, naye anaumwa. Tena yeye huchelewa zaidi kupelekwa hospitali, maana nani atamkemea mtu kwa kufanya mazoezi?

Watu husema haya ni maringo, mtu akipata njaa ya kweli atakula. Hapo sikubaliani na yeyote. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikielekea ukingoni, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu aitwaye Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya ya mwili na akili, vijana waliokataa kushika bunduki wakajitolea kwa utafiti wake. Kuanzia Februari 1945 wakapewa kama nusu ya chakula walichozoea, kwa majuma 24. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Waliona baridi wakati wa joto, wakawa na huzuni, wakajitenga na wenzao. Wengine waliketi kusoma vitabu vya mapishi saa nzima, wakaramba sahani, wakaota chakula. Na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walifakamia mpaka wakaugua na bado wakasema hawajashiba. Wale hawakuwa na kioo wala maringo. Njaa yenyewe ndiyo iliyowapindua akili.

Kwa hiyo anayeanza kujinyima kwa hiari, miezi ikipita, hiari ile haiko naye tena. Kumgombeza mtu wa namna hiyo ni kupoteza sauti yako.

Namkumbuka binti wa kidato cha nne aliyeletwa wodini kwetu baada ya kuzimia mstarini. Mama alisema malaria, bibi yake akasema pepo. Hakuwa mwembamba, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Nilipomshika mkono kutafuta mshipa niliona makovu kwenye vifundo vya vidole, na mashavu yamevimba chini ya masikio kama ya mwenye matubwitubwi. Meno ya mbele yalikuwa yameliwa kwa nyuma na tindikali ya tumbo. Alikuwa akila kwa siri chakula cha watu watatu, kisha anajitapisha. Ndiyo bulimia nervosa, ambayo daktari Gerald Russell wa London aliieleza kwa jina hilo mwaka 1979. Potasiamu ya damu yake ilikuwa imeshuka sana, na ikishuka hivyo moyo hupoteza mapigo. Moyo huo unaweza kusimama hata kwa mtu wa miaka kumi na saba.

Anayejinyima kabisa ana mabaya yake: hedhi hukatika, mifupa hupungua uzito katika umri ambao ingepaswa kujengeka, nywele hunyonyoka, vinyweleo laini humwota mgongoni. Na mkimwona amekaa muda mrefu bila kula, msimshindilie ugali na nyama siku moja kwa huruma. Chumvi za damu hubadilika ghafla, na anaweza kufa akiwa amelishwa. Mpelekeni hospitali, alishwe taratibu chini ya macho ya wauguzi.

Kuna jambo moja linanikera. Nimeona wasichana wakijificha ndani ya saumu: Jumatatu na Alhamisi, kisha siku zote, na nyumba nzima inawapongeza kwa uchaji. Dini imemruhusu mgonjwa afungue. Anayefunga ili mizani ishuke hajafunga kwa ajili ya Mungu, na mzazi ana haki ya kumuuliza.

Ninajua mnaogopa daktari wa akili, kwa sababu mtaani kwetu ukimtaja tu watu wanasema umepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Waache waseme. Ugonjwa huu unatibika, na aliyewahi hupona upesi kuliko aliyengoja, lakini unahitaji daktari wa mwili na wa akili pamoja, na watu wa nyumbani wanaokaa naye mezani bila kumhesabia matonge.

Mtakaobaki na nyumba yangu, nawausia hili: kwenye mkeka wa chakula asitajwe mtu unene wala wembamba wake, awe mtoto awe mgeni. Shangazi akianza, mwambieni bibi alikataza.

Na wewe unayefungulia bomba la bafuni ili tusisikie, mwambie mama yako wiki hii. Akikupuuza, mwambie mjomba. Naye akikupuuza, panda daladala uende hospitali ya wilaya, uwaambie unavyofanya, bila kuficha.

Bibi yenu.