Kipindi cha Dini

Shuleni kwetu Kivinje kipindi cha dini kilikuwa siku ya Ijumaa. Mwalimu wa zamu alisimama barazani akatugawa: Waislamu darasa la tano, Wakristo darasa la sita, waliobaki chini ya mwembe. Waliobaki nilikuwa mimi peke yangu.

Baba ni mtu wa Kivinje, Mwislamu. Mama alitoka Ndanda, Mkatoliki aliyekulia karibu na misheni. Walioana bomani, kwa ile Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kila mmoja akabaki na dini yake. Sisi watoto tukaambiwa tutachagua tukishakua. Uhuru mzuri huo, ndugu msomaji, lakini kwa mtoto wa darasa la nne ni mzigo. Upande wa baba waliniita jina moja, upande wa mama jingine, na mwalimu, asije akakosea, aliyaandika yote mawili.

Mwalimu huyo huyo, nadhani kwa kunihurumia, akanipa kazi ya kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi. Nikae pale mpaka kipindi kiishe, kisha niigonge. Saa sikuwa nayo. Nikajifunza kupima kwa kivuli cha mwembe: kikifika kwenye jiwe fulani, basi, muda umetimia. Kutoka darasa moja nasikia alif, be, te. Kutoka jingine nasikia wimbo wa Bikira Maria. Wiki za mwanzo nililia. Baadaye nikakipenda kipindi kile kuliko vyote. Wenzangu wote walikuwa wanamtaja Mungu, kila mmoja kwa namna yake, na mimi nimekaa kimya katikati yao nikiona kama na mimi nimo. Leo ndipo najua kwamba pale ndipo nilipoanza kuomba.

Bibi yangu, mama yake baba, hakuona tabu. Kwa utani wa bibi na mjukuu alikuwa akiniambia, "Mume wangu, wewe dini yako kengele," kisha anacheka mpaka anashika mbavu.

Nilipomaliza kidato cha nne akanichukua mpaka Kilwa Masoko, tukapanda mashua kuvuka kwenda Kisiwani. Alikuwa na nadhiri yake. Alibaki makaburini na ubani, mimi nikaenda zangu kuzunguka Msikiti Mkuu. Wale mnaoujua mnajua: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nguzo zimesimama, kuba nyingine zipo na nyingine zimekwenda. Ulianzishwa zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Ibn Battuta alifika mji ule mwaka 1331, akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Mwaka 1505 wakaja Wareno, wakauteka mji kwa silaha na kuingia na msalaba.

Nilikaa chini kwenye kivuli nikawaza. Kumbe dini za wazazi wangu zilishakutana hapa zamani, zikakutana na mizinga. Nyumbani kwetu zinakutana kila siku kwenye sinia moja la wali. Upepo ulikuwa unapita kwenye nguzo. Hapakuwa na mwalimu wa zamu wa kuniambia niende chumba gani. Nikatulia kama sijawahi kutulia. Bibi aliponikuta hakuniuliza kitu, akaketi kando yangu na kunyoosha miguu.

Tangu siku ile nina desturi yangu. Alfajiri nashuka pwani. Bahari ya Kivinje ina tope na mikoko; maji yakipwa huenda mbali, na vyombo hulala upande juu ya tope vikingoja. Nahodha awe na haraka vipi, maji yakiwa mafu atangoja bamvua. Nakaa hapo nami nangoja. Kwanza nanyamaza mpaka kelele za kichwani zichoke zenyewe. Pili nawataja kwa majina watu niliowakosea. Si wengi kila siku, lakini hawakosekani. Tatu, kabla jua halijazama, namtafuta mmoja wao nikamwombe radhi. Hili la tatu ndilo gumu. Kuzungumza na Mungu ufukweni ni rahisi kuliko kuzungumza na muuza samaki uliyemdhulumu chenji yake.

Washkaji kijiweni waliniita mpagani. Mmoja akasema frimasoni, mimi niliyekuwa sina hata nauli ya kwenda Lindi. Nikacheka nao. Lakini kuna jambo wanalolisema ambalo silichekei: mtu mwenye imani yake peke yake, akipotea nani atamrudisha?

Kwetu swali hilo lina historia. Mwaka 1905, kule Ngarambe, nyuma ya milima ya Wamatumbi, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji na imani isiyokuwa na kitabu. Imani ile iliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya Wajerumani. Kinjikitile alinyongwa mwaka huo huo, vita vikaendelea mpaka 1907, na risasi hazikugeuka maji. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya mwaka 1969, anamwonyesha mtu huyu akihangaika na neno alilolitoa yeye mwenyewe. Nimeisoma mara nyingi. Ndiyo maana imani yangu naiweka ndogo. Haiahidi kuzuia risasi, wala homa, wala umaskini. Na siigawi kwa mtu.

Mwaka juzi Bibi akaugua. Nilikuwa naye usiku ule wa mwisho. Akaniambia, "Mume wangu, nisomee Yasini." Sikuijua. Nilimwambia kweli, koo limenikauka. Alinitazama kwa muda. "Basi kaa tu," akasema. Nikakaa, nimeushika mkono wake, tukapumua pamoja kama tulivyokaa Kisiwani. Karibu na adhana ya alfajiri nikawa napumua peke yangu.

Sitasema kwamba ule ukimya ulitosha. Aliniomba kitu nami sikuwa nacho. Nimekwisha kujifunza Yasini sasa, nimechelewa.

Kwenye maziko ndugu walishuka kaburini kumpokea. Nami nikavua viatu. Baba mdogo akaniwekea mkono kifuani: "Wewe hapana. Dini yako haijulikani." Baba alikuwa pale. Alitazama chini.

Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho katika nchi hii kuwauliza watu dini zao. Serikali imeacha kuuliza, ndugu hawajaacha. Katiba, ibara ya 19, inanipa uhuru wa imani, nami naushukuru. Lakini Katiba haiji msibani. Haichimbi kaburi wala haishoni sanda. Vijana wenzangu mnaotaka kufuata njia hii, lijueni hilo mapema: dini ni pamoja na watu watakaokubeba. Mimi watakaonibeba sijui ni akina nani.

Lakini ni haki niseme na hili. Njiani kwenda makaburini, jeneza likipita mabegani kwa watu kama ilivyo desturi, mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu alijitoa pembeni akanivuta kwa mkono. Hakuniuliza dini. Nikaweka bega. Nilimbeba Bibi hatua kama ishirini, akapokea mwingine.

Kaburi lilipofukiwa na talakini kusomwa, watu wakatawanyika kwenda kwenye matanga. Baba akarudi nyuma, akasimama kando yangu. Hatukusema kitu. Tulibaki pale mpaka kivuli cha mti wa jirani kikafika kaburini, ndipo nikamwambia, "Baba, twende."