Gari Linapokata Pumzi Njia ya Loiyangalani

Kwenye ramani, kutoka Maralal hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana ni kama kilomita 230 hivi. Usihadaike, msomaji. Madereva wa huko huitengea njia hiyo siku nzima, nao hupakia watu, magunia ya unga, mbuzi, na wakati wa kurudi pengine mama mjamzito anayekimbizwa hospitali. Magari ya kupishana nayo ni machache. Kwa hivyo pikapu ya dizeli inayovuta kisha ikaacha kuvuta si jambo la kuchekea.

Maralal, mji wa Wasamburu ambako Mzee Jomo Kenyatta alizuiliwa kwa muda mwaka wa 1961, uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi yake hupenya blanketi. Gari likilala na tangi nusu, unyevu ulio katika hewa ya ndani hugeuka matone, na maji hayo, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hutua chini kabisa, pale pale bomba linapofyonzea mafuta. Jaza tangi jioni, si asubuhi.

Ukielekea kaskazini utapita karibu na Losiolo, ambapo Bonde la Ufa hufunguka ghafla chini ya miguu yako hata ukashika kofia. Kutoka hapo hadi Baragoi kuna miteremko na vilima, na ndipo shida hujitokeza. Umekanyaga eksileta hadi sakafuni, injini inanguruma kwa unyonge, gari halipandi. Unaegesha. Baada ya dakika kumi unawasha, nalo linaondoka kana kwamba halikuwa na neno. Kilomita chache mbele, mambo ni yale yale.

"Ni joto," dereva atakwambia. Mimi joto hilo siliamini sana. Injini ya dizeli hupata nguvu kwa kadiri ya mafuta yanayosukumwa ndani, na kazi ya eksileta ni kuiagiza pampu iongeze au ipunguze. Gari likipoteza nguvu kisha likazirudisha lenyewe baada ya kupumzika, shuku kwanza kwamba lilinyimwa mafuta.

Weka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na gari likapata nguvu papo hapo, basi tundu la kupumulia limezibwa na vumbi. Mafuta yanapotoka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na pampu huvuta bure. Safisha tundu hilo na safari iendelee.

Kama sivyo, fikiria kilichomo ndani ya tangi. Katika vituo vidogo vya njiani dizeli huweza kuuzwa kwa jerikani na mapipa, na humo hutoka kutu, uzi wa gunia, hata kipande cha karatasi ya plastiki. Takataka hiyo hufyonzwa hadi mdomo wa bomba ikauziba. Injini ikizimwa, mvuto hukoma, takataka huelea kando, na hapo ndipo "joto" la dereva hupoa! Fundi hulifungua bomba upande wa filta na kulipuliza kurudi tangini. Hiyo itakufikisha Baragoi, lakini dawa yenyewe ni kuteremsha tangi na kuliosha. Kitambaa cha kuchujia huzuia takataka, maji hakiyazuii; hayo utayatoa kwa kulegeza koki iliyo chini ya filta.

Hewa nayo ina hila zake. Mpira ukipasuka kidogo huenda usivujishe hata tone, ila hunyonya hewa. Mafundi huunga kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kati ya filta na pampu, wakatazama mapovu. Ni ujanja wa bei rahisi, na mtu yeyote anaweza kusoma jibu lake.

Haya yote yanazifaa zaidi Land Cruiser za injini ya 1HZ, ambazo eksileta yake huvuta waya. Hakikisha pia waya huo haukwami kwa vumbi. Pikapu mpya hazina waya. Kanyagio lina vihisio viwili vinavyopeleka habari kwa kompyuta, na habari hizo zisipopatana, kompyuta hupunguza nguvu. Taa ya injini ikiwaka, na kuzima na kuwasha kukakupa nafuu ya muda, chunguza plagi na nyaya za kanyagio kabla ya kununua pampu. Tena usilegeze mabomba ya noseli za magari hayo injini ikiwa inanguruma, kwani mafuta yake yana nguvu ya kutoboa ngozi.

Baada ya South Horr utaziona mashine 365 za umeme wa upepo, zilizounganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018, kisha mawe meusi ya volkano, na ziwa likimetameta chini ya mita 400. Hapo wako wanaoweka gia huru na kuzima injini ili kuokoa dizeli. Usithubutu. Injini ikizimika breki huwa ngumu kama ukuta, na usukani vilevile. Teremka kwa gia nzito hadi kwenye mikoma ya Loiyangalani, na ukishaegesha kivulini, toa maji ya filta kabla hujaenda kununua samaki.