Magogo Chini ya Mkorosho

Tangu nifunge banda langu pale Mwenge na kurudi Newala, kila anayenipigia simu kutoka Dar es Salaam huanza na pole. Wanadhani mchongaji akirudi kijijini basi ameshindwa kodi, au macho yamekwisha, au mgongo umegoma. Mgongo unauma kweli, ila ulianza kuuma nikiwa huko huko Dar. Lipo pia kundi la pili, la wasomi na wapiga picha, ambao huja na pongezi: eti nimerudi kwenye chimbuko la sanaa. Hao ndio hunichosha zaidi, kwa kuwa wenye pole angalau hawanitaki nivae kaniki ndipo wanipige picha.

Sikurudi kutafuta chimbuko. Nilirudi kutafuta mahali pa kuanika magogo.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa uwanda wa Makonde miaka michache kabla ya Uhuru. Maji tulifuata bondeni, korosho tuliokota, darasa la saba nilimaliza. Watu wa upande wa mama walikuwa wamevuka Ruvuma kutoka Mueda wakikimbia kodi na kazi za lazima za Wareno, na kaka yake mama alipitia mashamba ya katani kabla ya kuishia Dar na tezo mkononi. Kwetu mtoto huwa wa mjomba kabla hajawa wa baba, kwa hiyo nilipotumwa kwake mwaka 1973 hakuna aliyeniuliza kama napenda kuchonga.

Mjomba hakunipa tezo. Alinipa msasa. Nilisugua kazi za watu wengine mpaka vidole vikapoteza alama, na nikisugua nilikuwa namtazama anavyopokea gogo jipya. Aliligonga kwa mgongo wa tezo, upande huu na huu, kichwa amekiinamisha. Mpingo ni mti mwongo: nje unaweza kuwa mnene kama paja na ndani ukawa na tundu toka juu hadi chini, au ufa uliojificha kwenye kiini. Mjomba alisikia tundu kabla panga halijapita. Kisha alichuna weupe wa nje, ule unaoliwa na mchwa, akafika kwenye weusi wenye zambarau kidogo, ambao ukiutia majini unazama kama jiwe. Sijamwona mtu mwingine aliyechuna gogo kwa adabu ile. Lakini tulibishana miaka yote, na amekufa hatujapatana.

Ubishi wetu ulikuwa juu ya ubichi. Mjomba, kama karibu mafundi wote wa Dar, alichonga mpingo mbichi. Lori likishusha magogo ya Kilwa au Lindi, yenye mihuri ya nyundo ya misitu, kabla jua halijazama tezo zinalia. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mpingo mbichi unakubali chuma. Ukishakauka unachimba jiwe, na patasi uliyoinoa asubuhi, ikifika saa nne haikati tena. Tena mteja yuko mlangoni. Nilipomwambia tuyaache magogo yakae, tuyapake nta kwenye ncha ili unyevu utoke polepole, alicheka.

“Mpwa wangu, gogo likilala halizai. Na wewe ukilala nalo, watoto watakula msasa?”

Tatizo ni kwamba mti mbichi huendelea kukauka ukiwa tayari umeshakuwa mama na mtoto. Shingo inafunguka, bega linapasuka. Mafundi wana dawa yao: unga wa mpingo na gundi, unaziba, unasugua, unapaka kiwi nyeusi, na mtalii haoni kitu. Kinyago kinapanda ndege, kinafika Ulaya, kinawekwa juu ya kabati kwenye chumba kilichopashwa moto majira ya baridi, hewa kavu kama mkate wa juzi. Unga na gundi vinadondoka. Mteja anasema Waafrika wezi.

Mnunuzi mmoja, simtaji jina, aliwahi kunikata nusu ya fedha za nguzo nzima ya ujamaa, watu wamepandana kutoka bibi hadi kitukuu, kwa sababu ya ufa usiozidi upana wa ukucha. Baadaye nikaonyeshwa kitabu cha maonyesho chenye picha ya nguzo ile ile. Ufa upo, bei ipo, ya kutisha, na jina la aliyechonga halipo. Nilikuwa na hamu ya kumpelekea mjomba kitabu kile, nimwambie unaona sasa. Alikuwa hospitali. Nikakaa nacho.

Kwa jambo moja alikuwa na haki. Dar hapakuwa na mahali pa kuyalaza magogo. Banda hulipiwa kwa mwezi, bati linamwaga joto kama tanuri, na gogo la mpingo likilala nje usiku mmoja, asubuhi lina mwenyewe mwingine. Tulidhani tunabishana juu ya ufundi, kumbe mwenye nyumba ndiye aliyekuwa anatuamulia. Kwenda na kurudi nyumbani nako kulikuwa kazi. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, masika ilitufungia njia ya kusini. Ukipita kivuko cha Ndundu unamshukuru Mungu, na bado Newala iko mbali. Hakuna aliyefikiria kuwa na karakana uwandani na wateja pwani.

Nilirudi mwaka 2012. Shamba la mama lilikuwa na mikorosho mikubwa, matawi yamelala hadi chini, na chini yake baridi hata saa nane mchana. Hapo ndipo penye karakana yangu. Magogo nayanunua yenye vibali kutoka mabondeni, maana huku juu mpingo ni wa kutafuta. Nayaweka juu ya mawe yasiguse udongo, ncha zote mbili nimezipaka nta, na kila gogo lina mwaka wake uliopakwa kwa rangi. Yanapita masika, yanapita kiangazi, yanapita masika tena. Lenye nia ya kupasuka linapasuka hapo hapo, mbele yangu, kabla sijalifanya uso. Ufa ukishaonyesha njia yake naweza kuupa kazi: unakuwa pengo kati ya mkono na ubavu, au mdomo. Patasi nanoa mara nyingi, ndiyo. Jiwe la kunolea ni rahisi kuliko aibu.

Shamba nalo lina amri zake. Kuanzia Mei au Juni mikorosho hupuliziwa salfa kuzuia ubwiri unga, na siku hizo hakuna kuchonga. Macho yanawaka na unga unaganda kwenye jasho. Oktoba tunaokota. Kwa hiyo kazi ya tezo imehamia masika, barazani, hewa ikiwa na unyevu na mti ukiwa mtulivu. Mwenge nilikuwa natoa vinyago kama maandazi. Sasa natoa vichache, na bei nataja bila kukohoa.

Sasa kuhusu hilo chimbuko. Nilipoanza kuchonga hapa, wazee walipita, wakatazama mpingo wangu kwa heshima, wakaenda zao. Hakuna nyumba hata moja kijijini yenye kinyago cha mpingo kabatini. Mtoto mmoja aliniuliza kinachezwaje. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na watu wa makumbusho. Mitindo hii inayoitwa ya asili ya Wamakonde ilizaliwa mjini. Shetani, yule wa jicho moja na sikio la popo, anahesabiwa kuanza na Samaki Likankoa miaka ya 1950, akiuza kazi zake kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar. Ujamaa, ile nguzo ya watu, ni ya Roberto Yakobo Sangwani. Mafundi wakubwa, na siwapunguzii kitu, lakini walichonga karibu na duka, wakimsikiliza mnunuzi. Kinachochezwa kijijini ni lipiko, kinyago cha kuvaliwa kichwani, na lipiko halichongwi kwa mpingo.

Vijana wa ngoma walinijia mwaka wa pili, jando lilipokaribia kutoka. Walitaka kichwa kipya. Nilichukua msufi mwitu, mti mwepesi, mweupe, unaokatika kama muhogo, nikachonga uso wa mzee mmoja hakimu, mashavu yameanguka, mdomo umejikunja. Nywele za kweli kutoka kwa kinyozi, zimeshikizwa kwa nta. Chale za usoni nazo za nta. Nilijivunia. Wakakirudisha jioni ile ile.

“Babu, kizuri, lakini kimekaa tu.”

Mchezaji alikivaa, akakilaza nyuma kama inavyopaswa (wanaojua wanajua anaonea wapi, wengine haiwahusu), na uso wangu mzuri ukatazama mawingu. Mashavu niliyoyahangaikia hayakuonekana. Kwa mtu aliyesimama kwenye duara la ngoma, vumbi limepanda, kilichobaki ni kidevu na matundu ya pua. Nikawaambia wajifunze kucheza. Wakaniambia mimi nijifunze kuchonga. Mpaka leo nashikilia kwamba shavu la kushoto lilikuwa sahihi na mchezaji alikuwa mvivu wa shingo. Lakini niliuchonga upya: nikasukuma paji la uso mbele, nikakata kivuli kirefu chini ya nyusi, nikapunguza unene wa ndani mpaka mwanga ukakaribia kupenya. Ulipoingia uwanjani, wanawake walikimbia huku wakicheka.

Hilo limeingia kwenye mpingo wangu kuliko maneno yote ya mjomba. Zamani nilichonga uso wa kutazamwa na mtu aliyeketi mbele yake, kwenye rafu, taa juu. Siku hizi nikimaliza uso naushika juu ya kichwa changu, namwita mtu asimame mbali, naugeuza polepole. Kama unakufa ukigeuka, narudi kwenye tezo. Naacha alama za patasi mgongoni na mapajani, maana zinashika mwanga mtu anapozunguka. Weupe wa nje ulio mzima nauacha mahali mahali badala ya kuuchuna wote, na kiwi nimeiachia viatu. Wateja wangu wa zamani wanasema kazi haijaisha.

Ninyi vijana wa Mwenge, mnaosema kibanda chenu cha maonyesho hakina mteja: mnakata kwa grainda mti wowote mlioupata, mnaupaka rangi nyeusi, mnamwambia mzungu ebony, halafu mnashangaa kwa nini anauliza bei kama ananunua nyanya. Mpingo wenye kiini cha kuchonga unachukua maisha ya mtu kukua. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilielewa hilo. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha Forest Stewardship Council, na mpingo wao ukawa na bei yenye adabu. Hao ni wakulima, si wachongaji. Sisi tunaojiita wenye mti tulikuwa wapi? Tulikuwa tunapaka kiwi.

Nimejisahau. Nilikuwa nasema habari za magogo.

Kwa desturi yetu, magogo yangu na patasi zangu ni za mpwa wangu, mtoto wa dada. Ana bodaboda Tandahimba. Ni kijana mwema, huniletea dawa za mgongo, na mikono anayo. Nimemwona akitengeneza kabureta kwa subira ambayo mimi sina. Tatizo ni masikio. Kuna mtu amemwambia kwamba mpingo mkavu, ulionyooka, usio na ufa, hununuliwa kwa fedha nzuri kutengenezea zumari za Ulaya, zile klarineti. Ni kweli, si uongo wa kijiweni. Tangu hapo kila akija huzunguka chini ya mkorosho akisoma miaka niliyoandika kwenye magogo, anayagonga kwa kidole cha kati, kichwa ameinamisha vile vile alivyokuwa akiinamisha mjomba.

“Mjomba, hili la mwaka 2016 lina tundu?”

“Halina.”

“Na hili?”

Nimemwambia achukue msasa kwanza, akae hapa msimu mmoja, ndipo tuzungumze habari za urithi. Amekubali kuja baada ya korosho kuuzwa. Hajasema ya mwaka gani.