Kwa nini muuguzi anakataza kuchaji simu katika reanimasyo

Katika hospitali za Kivu, ugomvi mdogo huanzia kwenye prizi. Mama aliyekimbia vita anamuuguza mtoto wake katika chumba cha wagonjwa mahututi, wanachokiita reanimasyo. Simu imezima, nayo ndiyo njia pekee ya kujua watoto wengine wamelala wapi. Anaona prizi tupu kando ya kitanda. Muuguzi anamwambia: «Mama, samahani, hapo hapana.» Mama anajiuliza kama ni kwa sababu yeye ni mkimbizi.

Si hivyo. Si kila hospitali inayo, lakini mahali palipojengwa kwa kufuata kanuni, prizi ile haifanani na za nyumbani.

Nyumbani, waya mmoja kati ya nyaya mbili za umeme umefungwa na ardhi kwenye transfoma ya mtaa. Ukigusa ule wenye moto ukiwa umekanyaga maji, umeme unapita mwilini mwako na kurudi kwa njia ya ardhi. Katika chumba cha upasuaji sakafu inalowa damu na serumu, na mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi kuvuta mkono. Kwa hiyo kanuni ya kimataifa IEC 60364-7-710 inadai vyumba hivyo viwe na transfoma ya pekee, ambayo nyaya zake zote mbili hazifungwi na ardhi. Waya mmoja ukivuja, umeme karibu hauna njia ya kurudi. Mashine ya kupumulia haizimiki. Inawaka taa ya manjano tu, na kengele inalia.

Chaja mbovu, au birika la umeme lililoingiwa na maji, linatosha kuiwasha taa hiyo. Lawama ya hospitali ni nyingine: nyingi haziweki alama kwenye prizi hizo, wala hazitengi za kawaida kwenye korido kwa ajili ya familia.

Hata wahudumu wanaisoma kanuni vibaya. Kengele haisemi «zimeni». Inasema hitilafu ya kwanza imeingia. Inaruhusiwa kunyamazisha sauti na kumaliza operesheni, ila taa ya manjano haizimiki mpaka hitilafu iondolewe. Kuiacha hadi wiki ijayo ni kucheza na maisha ya watu: hitilafu ya pili kwenye waya wa pili inaweza kukata umeme mgonjwa akiwa bado mezani.

Mafundi wazuri wa nyumba nao hupotea hapa. Fundi anachomeka testa, inawaka kidogo kwenye nyaya zote mbili, anadhani nutro imekatika, anafunga waya mmoja na ardhi. Taa ya manjano inagoma kuzimika, naye anaing'oa. Tangu hapo chumba kina transfoma ya gharama kubwa na usalama wa jikoni.

Vifaa vya msaada vinaongeza utata. Vya Marekani hupima umeme unaoweza kuvuja, na kengele hulia kwenye miliampea 5. Vya Ulaya hupima uzima wa ngozi ya nyaya, na hulia ukishuka hadi kiloomu 50. Namba hizo hazilinganishwi. Fundi asome kitabu cha kifaa chenyewe. Kisha abonyeze kitufe cha kujaribia. Kengele isipolia, taa ya kijani pale ukutani haina maana yoyote.